Kwa nini ua wa miti hutoboka chini

Pita mtaa wowote wa zamani wenye nyua za miti, uwe Oysterbay ya Dar es Salaam, Njiro ya Arusha au Karen ya Nairobi, utakuta hali ileile. Juu ua umefunga vizuri, umekatwa sawasawa, hata mkono haupenyi. Teremsha macho mpaka usawa wa goti: vigogo vitupu, vijiti vikavu, na matundu yaliyozibwa kwa bati, wavu wa kuku au tairi bovu. Mwenye nyumba analipa mtu wa kukata kila mwezi, mkasi unafanya kazi, na bado mbwa wa mtaani wanaingia wanapotaka.

Lawama huangukia aina ya mti. Mwenye duranta anasema bora angepanda michongoma. Mwenye michongoma anasema bora angejenga ukuta. Ukweli ni kwamba karibu kila mti wa ua utatoboka chini ukiachiwa ufuate tabia yake, na mingi kati yake itafunga mpaka ardhini ikikatwa ipasavyo tangu mwanzo. Ukishaelewa sababu, maswali mengine ya ua (upande nini, kwa nafasi gani, kimo kiasi gani, umbali gani kutoka mpakani) nayo yanakuwa mepesi.

Mkato ambao hakuna anayeupenda

Mti haukuumbwa kuwa ua. Unatafuta mwanga, na kwa kawaida mwanga uko juu. Kwenye ncha ya tawi hutengenezwa homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka na shina na kuyazuia macho ya pembeni, yaani machipukizi yaliyolala, yasichipue. Ncha ikikatwa, zuio linalegea na macho yaliyo karibu na mkato yanaamka. Tawi moja linakuwa mawili au matatu. Ukikata tena, hayo nayo yanagawanyika, na ua unaanza kufunga.

Ila yanayoamka ni macho ya karibu na mkato, si yale ya chini kabisa. Mche ukiachwa ufike mita moja na nusu kwa kuwa mwenye nyumba ana haraka ya kujistiri, kisha ukakatwa kichwa, utatoa matawi mengi palepale kwenye mita moja na nusu. Sehemu ya chini imeshapitwa. Gome limekomaa, macho mengi yamelala, na kivuli cha matawi mapya kimeanza kuyashukia.

Kwa hiyo mkato wenye maana kuliko yote hufanyika wakati ambao kwa kuangalia tu unaonekana ni mapema mno. Mche ukishashika, yaani umetoa majani mapya na hausinyai kwa jua la saa nane mchana, unakatwa ubaki na sentimita 20 au 30. Ukitoa matawi ya shibiri moja, ukuaji huo mpya nao unapunguzwa nusu. Halafu tena, na tena. Fundi wa bustani anayejua kazi huuruhusu ua kupanda kidogo kidogo kwa mwaka wa kwanza na wa pili, kila hatua ikiwa imejaa matawi kabla ya kuruhusu hatua inayofuata. Shida ni kwamba mwenye nyumba anakuja juu: "Sasa fundi, miche nimenunua mirefu, wewe unaifanya mifupi?" Na fundi, ambaye naye ana watoto wa kulisha, anaweka mkasi chini. Tundu la miaka mitano ijayo limeshapatikana siku hiyo.

Ndiyo maana sioni faida ya kulipia miche mirefu inayopangwa kando ya barabara kwenye vitalu. Mche wa futi nne uliokaa muda mrefu ndani ya kiriba mizizi yake imejizungusha, na chini mara nyingi hauna hata tawi moja. Mche wa futi moja wenye matawi matatu unauzwa kwa bei ndogo, unashika haraka, na huna uchungu wa kuukata.

Ua unavyojinyima mwanga

Fungua ua wa duranta kwa mikono miwili uchungulie ndani. Majani yako nje tu, tabaka la shibiri moja hivi, pengine halifiki. Baada ya hapo ni vijiti vya kijivu, utando wa buibui, mifuko ya plastiki iliyopeperushwa na kunasa, na labda kiota kilichohamwa. Jani lisilopata mwanga wa kutosha linatumia chakula kuliko linachotengeneza, na mti hulitupa. Sehemu ya chini ya ua ikikosa mwanga itafanana na hiyo ya ndani, hata ukiimwagilia kila jioni.

Mti kwa kawaida husukuma nguvu zaidi juu. Ukikata pande zikiwa wima kabisa, au ukikata kwa kukisia bila kamba, baada ya mwaka juu kutakuwa kupana kuliko chini na ua utajifunika wenyewe kama mwavuli. Dawa ni kuufanya mpana chini na mwembamba juu. Ua wa mita moja na nusu ukiwa na unene wa sentimita 90 chini, juu uwe na 60 hivi. Mpita njia hauoni mteremko huo. Majani ya chini yanauona.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya bustani vya Ulaya havitusaidii. Vinazungumzia sana upande wa ua unaotazama kusini na ule unaotazama kaskazini, kwa sababu kule jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko karibu na utosi. Miezi fulani linaegemea kaskazini, miezi mingine kusini. Mwanga mkali wa mchana unaangukia kichwa cha ua, na pande zilizo wima zinaambulia mwanga wa kupitia tu. Kwa mawazo yangu, basi, mteremko una kazi kubwa zaidi Tanga au Kisumu kuliko London, ingawa London ndiko unakofundishwa.

Kuukata si kazi ngumu. Simika vijiti viwili kila mwisho wa ua, vikiegemea ndani kidogo, funga kamba moja chini na nyingine juu, kisha kata ukianzia chini kwenda juu, ili vinavyokatwa vianguke bila kukaa juu ya sehemu ambayo hujaigusa. Wengi huanzia juu kwa kuwa juu ndiko kunakoonekana. Wakifika chini mikono imechoka, chini wanapapapasa tu. Baada ya mikato kadhaa ya namna hiyo umbo linageuka kabisa.

Nafasi, mtaro na udongo

Ua usipofunga, wazo la haraka ni kubananisha miche. Miche ikibanana sana inagombania mwanga, na kila mmoja unakimbia juu kuliko jirani yake. Unapata mashina mengi membamba yasiyo na matawi chini. Kwa mimea ya majani madogo kama duranta, sentimita 30 hadi 40 zinatosha. Michongoma na mingine yenye kujitanua inataka 50 au zaidi. Ua wa mita 20 kwa nafasi ya sentimita 40 unahitaji miche 50 hivi. Ukitaka ua mnene wa kuzuia mifugo, panda mistari miwili iliyopishana, mche wa mstari wa pili ukikaa mbele ya pengo la mstari wa kwanza. Hiyo inashinda mstari mmoja uliobanana.

Chimba mtaro badala ya mashimo ya mojamoja. Upana na kina cha sentimita 40 au 50, udongo uliorudishwa ukichanganywa na samadi iliyooza. Faida yake ni usawa: mizizi ya miche yote inakuta udongo wa namna moja, na miche inakua kwa mwendo mmoja. Ua si sawa na mti mmoja mmoja uliopandwa uwanjani. Mti mmoja ukidumaa uwanjani, huo ni mti uliodumaa. Ukidumaa ndani ya ua, majirani zake wawili wanauwekea kivuli, unakufa, na pengo halizibiki tena kirahisi kwa sababu mche mpya utakaouweka pale utapigania maji na mizizi iliyokwisha kutawala.

Jambo hili Waingereza walilijua kwa gharama kubwa nchini India. Katika karne ya 19 walikuwa na mstari wa forodha wa kuzuia chumvi isipitishwe bila ushuru, mstari uliozidi kilomita 3,000, na sehemu yake ndefu ilikuwa ua. Mwanzo ulikuwa wa miiba mikavu, ambao mchwa, moto na dhoruba viliumaliza kila mara. Allan Octavian Hume, ofisa ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Congress mwaka 1885, ndiye aliyesukuma ugeuzwe kuwa ua hai. Mimea yake mingine tunaifahamu sana huku kwetu: mikunazi, jamii ya migunga, mpungate, na ndugu za mnyaa. Na pale ambapo udongo ulikuwa mbovu hawakuongeza miche. Walichimba mitaro wakaijaza udongo mzuri uliotolewa kwingine. Mwaka 1879 mstari ukaachwa, kwa kuwa kodi ya chumvi ilikuwa imepangwa kwa namna nyingine. Kazi yote ile ya nini, ni swali la siku nyingine.

Mti upi, basi

Swali la kwanza si uzuri. Ni hili: mti huu ukikatwa mpaka kwenye shina lisilo na majani, unachipua?

Mchongoma wa fensi, ule ambao Kenya huitwa kayaba na wataalamu wa mimea huuita Dovyalis caffra, unachipua. (Jina la mchongoma watu hulitumia kwa miti kadhaa ya miiba, kwa hiyo kitaluni uliza uonyeshwe.) Asili yake ni Afrika Kusini, unavumilia ukame, na matunda yake ya njano yenye ukakasi yanafaa kwa jemu. Haibiskasi, bogenvilia, duranta na mhina nayo inachipua. Mti wa namna hiyo unakupa nafasi ya pili: ukikosea leo, baada ya miaka kumi unaweza kuushusha mpaka magotini ukaanza upya. Waliosema mpanda mchongoma kushuka ndiyo ngoma hawakuwahi kupewa kazi ya kuupogoa. Vaa glovu za ngozi.

Msaiprasi hauchipui. Huu ndio ulioleta majonzi mengi kwenye nyanda za juu, kuanzia Limuru hadi Lushoto na Iringa, ambako nyua ndefu za Cupressus lusitanica, mti wa Meksiko na Amerika ya Kati, zilipandwa tangu enzi za ukoloni. Ukikatwa mara kwa mara kwenye majani mabichi, unafunga kuliko mti wowote ninaoujua. Ukiukata ukaingia ndani ya kuni kavu, pale unabaki kahawia milele, maana kwenye tawi lililokwisha kupoteza majani hauna macho ya akiba. Mwaka 1986 kidukari wa msaiprasi alionekana Malawi, akaenea kaskazini, na kufikia 1990 alikuwa Kenya. Nyua nzima zilikauka mabaka mabaka. Wataalamu walileta nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya vidukari hao, na mashambulizi yakapungua, lakini mabaka hayakurudi kuwa kijani. Mwenye ua wa michongoma aliyepatwa na kitu cha namna hiyo angekata akasubiri mvua. Mwenye msaiprasi aling'oa.

Mnyaa una hoja yake. Unashika kwa kipandikizi tu, mbuzi hawauli, na Usukumani umezungushiwa maboma kwa vizazi. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni unachoma vibaya na unaweza kumpofusha mtu kwa muda. Kwenye zizi sina neno. Kando ya mahali watoto wanapocheza mpira, hapana. Mbono nao unaopandwa kuzungushia mashamba na makaburi mbegu zake ni sumu, na matunda ya njano ya duranta si ya kuonja, jambo ambalo wauzaji hawalitaji.

Lantana ningeiacha kabisa. Maua yake ni mazuri, ndege wanapenda matunda yake, na hapo ndipo balaa lilipo: wanazisambaza mbegu mpaka kwenye malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Laikipia wana kisa kama hicho cha mpungate ulioletwa enzi za ukoloni kwa mapambo na kuzungushia makazi. Tembo na nyani walikula matunda, wakabeba mbegu, na leo maeneo makubwa ya malisho yameingiliwa na miiba inayojeruhi midomo na matumbo ya mifugo. Ua unaokaa pale ulipoupanda ni sifa, na inafaa kuiulizia kabla ya kuulizia rangi ya maua.

Kwa mwenye ng'ombe, kuna ua unaolipa. Kaliandra ilipofanyiwa utafiti na wafugaji wa Embu, ilionekana kilo tatu za majani mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa, na kwamba miche 500 hivi inatosha kumwongezea ng'ombe mmoja lishe mwaka mzima. Miche 500 inaonekana mingi mpaka ukumbuke kwamba shamba la ekari moja lina mzingo wa mita 250 na zaidi. Na kwa kuwa inakatwa kila baada ya wiki chache kwa ajili ya ng'ombe, inafunga bila mtu kukumbushwa.

Kimo kinaamua kila kitu

Ua ukipandwa bustanini kazi yake ni ya macho kabla ya kuwa ya usalama, na cha kupima ni usawa wa jicho. Mtu mzima aliyesimama jicho lake liko kwenye mita moja na nusu au zaidi kidogo. Aliyekaa kwenye kiti, mita moja na robo hivi. Ua wa sentimita 130 mbele ya baraza unakupa kitu ambacho ukuta wa mita mbili na nusu hauwezi: ukikaa na chai yako huonekani, ukisimama unamwona anayegonga geti. Ua wa goti hauzuii chochote, ila miguu inautii; watu watafuata njia uliyoichora badala ya kukatiza kwenye majani. Kati ya goti na kifua kuna kimo kisichosaidia sana, hakistiri wala hakielekezi, na ndicho kimo kinachopendwa kuliko vyote kwa sababu ndipo mkasi unapofika bila kuinama wala kupanda ngazi.

Rangi nayo inabadilisha umbali. Majani madogo ya kijani kilichoiva yanarudi nyuma, kwa hiyo maua yaliyo mbele yake yanaonekana. Duranta ya njano inakuja mbele, inapiga kelele, na kiwanja kidogo kilichozungushiwa duranta ya njano pande zote kinaonekana kidogo zaidi. Itumie mahali pamoja, pengine mlangoni, basi.

Kisha piga hesabu ya eneo. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ua wa unene wa mita moja kuzunguka pande zote unachukua mita za mraba 76, karibu moja ya tano ya kiwanja ulichonunua kwa jasho. Kwenye viwanja vidogo vya mijini afadhali ua mnene uwe upande mmoja, ule wa barabarani, na pande nyingine ziwe wavu wenye mmea wa kutambaa. Fikasi, ambayo inauzwa sana kwa ajili ya nyua, mizizi yake inatafuta maji popote yalipo, na karibu na nyumba maji yako kwenye bomba na kwenye shimo la maji taka.

Upepo ndio mahali ua unapoushinda ukuta waziwazi. Upepo ukigonga ukuta unaruka juu na kuporomoka upande wa pili kwa fujo, ndiyo sababu hata nyuma ya ukuta wa ufukweni migomba huchanika. Ua unaopitisha karibu nusu ya upepo unaupunguza mwendo bila kuurusha, na unafuu huo unafika umbali wa mara kumi ya kimo chake. Ua wa mita mbili unakinga bustani ya mboga ya mita 20 dhidi ya kusi. Lakini ukiwa umetoboka chini, upepo unabanwa kwenye uwazi ule na kupita kwa kasi kuliko uwanja wazi, moja kwa moja kwenye miche yako ya mchicha. Watu wengi wa pwani wanadhani ua haujasaidia kitu. Unasaidia, ila umewekwa juu ya miguu mitupu.

Kelele za bodaboda ua hauzizuii, labda uwe mnene wa mita nyingi. Vumbi unalikamata vizuri.

Mpakani au ndani ya mpaka

Nyua za Kenya ya kati zina historia ya kisheria. Wakati wa kuunganisha vishamba miaka ya 1950, chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, wenye ardhi walitakiwa kupanda nyua mipakani, na nyua hizo ndizo zilizosaidia mipaka kuonekana kwenye picha zilizopigwa kutoka angani na kuchorwa ramani. Matokeo yake ni kile kinachoitwa mipaka ya jumla: ramani inakuonyesha mpaka ulipo kwa ukaribu, si kwa sentimita. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 bado inautambua utaratibu huo, na mgogoro wa mpaka wa namna hiyo unaamuliwa kwanza na Msajili wa Ardhi kabla ya kufika mahakamani. Sasa fikiria ua uliopandwa ukiwa mstari wa vijiti, leo una unene wa mita moja na nusu. Mpaka ni shina, ukingo wa huku, au ukingo wa kule? Jirani mmoja akikata upande wake kwa bidii na mwingine akaacha, ua mzima unahama taratibu kwa aliyezembea.

Wachaga walilitatua hili kwa masale. Mmea huo wa jamii ya Dracaena, ambao jani lake hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha, hupandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Shina lake ni jembamba, limesimama, halitanuki kumla jirani, na watu wanaogopa kuling'oa. Hauzuii mbuzi hata kidogo. Unaonyesha mpaka, na kuzuia mbuzi kunaachiwa kitu kingine.

Kwenye kiwanja kilichopimwa ningefuata busara hiyo. Bikoni ndizo mpaka; ua upandwe ndani, sentimita 75 au mita moja kutoka kwenye mstari wa bikoni hadi bikoni, ili ukinenepa uwe bado wako pande zote mbili na uweze kupita nyuma yake na mkasi bila kuomba ruhusa. Bikoni zenyewe ziache wazi, maana ua ukizimeza mtu wa upimaji atakutoza kuzitafuta. Na kimo mzungumze mapema. Nchini Uingereza ugomvi wa majirani kuhusu leylandii, msaiprasi chotara unaokua karibu mita moja kwa mwaka, ulifika mahali Bunge likatunga kifungu maalumu mwaka 2003: nyua za miti isiyopukutisha majani zikizidi mita mbili na kumkera jirani, halmashauri inaweza kuagiza zikatwe. Huku kwetu kwa kawaida anaitwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, na kikao kinachukua jioni nzima.

Ua wako umeshatoboka

Kama ni msaiprasi uliopauka chini, hakuna ujanja. Ama panda mstari mwingine mfupi wa mimea inayovumilia kivuli mbele yake, ukijua kwamba utapigania maji na mizizi ya zamani, ama uung'oe kwa vipande, mita tano tano, ili usibaki wazi bila ua.

Kama ni mti unaochipua, subiri wiki mbili tatu kabla ya masika. Kagua viota kwanza. Vyenye mayai vipishe. Kisha ushushe upande mmoja tu wa ua mpaka karibu na mashina makuu, kutoka juu hadi ardhini, na kichwa ukipunguze theluthi moja ili mwanga uingie. Upande wa pili uache na majani yake, kwa kuwa ndiyo yatakayoulisha mzizi. Upande huo utaukata msimu unaofuata, kule ulikoanza kukiwa kumefunga. Weka samadi na matandazo kwenye mashina, mwagilia mvua ikichelewa. Matawi marefu ya chini yaliyo bado laini yakunje uyapitishe kwenye matundu, uyafunge kwa kamba ya katani mpaka yazoee. Kwenye tundu kubwa usipande mche mahali palepale bila kukata mizizi ya jirani kwa koleo pande zote mbili na kubadilisha udongo wa shimo.

Mwezi mmoja baadaye mashina yatakuwa yamejaa machipukizi mekundu au ya kijani changa, na utatamani kuyaacha yapande yazibe haraka. Yakifika shibiri moja, yakate nusu.